Maswali ya Wasomaji: X hasi, Z chanya

SWALI: Nina pointi ya GPS hapa Moshi: latitudo 3°21′ Kusini, longitudo 37.34° Mashariki, mwinuko mita 800. Nataka X, Y na Z, yaani umbali wa pointi kutoka kitovu cha Dunia kwa pande tatu, ili nipate umbali wa mstari ulionyooka hadi mnara wa Arusha. Excel inanipa X hasi, na Z chanya ya zaidi ya milioni. Nimekosea wapi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Umekwama kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe (nyuzi 180 ni radiani π). SIN na COS za Excel hazitambui nyuzi, −3.35 (3°21′ zako, Kusini ikiwa hasi) zinaihesabu kama radiani, na alama zinageuka. Kila pembe ipitishe kwanza kwenye RADIANS. Na zile dakika 21 gawa kwa 60, upate −3.35. Anayeandika −3.21 amejihamisha kilomita 15 na ushee.

GPS hutumia elipsoidi (umbo la Dunia lililobonyea kidogo kwenye ncha) ya mfumo wa WGS84: a, nusu kipenyo chake kwenye Ikweta, = 6,378,137 na e², kipimo cha kubonyea huko, = 0.00669438. Latitudo ni φ, longitudo λ, kimo h, vipimo vyote kwa mita:

N = a ÷ √(1 − e² sin²φ)
X = (N + h) cosφ cosλ
Y = (N + h) cosφ sinλ
Z = (N(1 − e²) + h) sinφ

Ile (1 − e²) ndiyo husahaulika. Ukiiacha, Z ya Moshi inakosea karibu kilomita 2.5, na X na Y zitaonekana safi kabisa.

Pointi yako inatoa X 5,062,967, Y 3,862,536, Z −370,264. Z si mwinuko: inapimwa kutoka bapa la Ikweta kuelekea Ncha ya Kaskazini, kwa hiyo sisi wa kusini ni hasi hata ukiwa kileleni Kibo.

h nayo ni kimo juu ya elipsoidi, wakati GPS nyingi za mkononi huonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari. Huku kwetu h ni ndogo kuliko mwinuko huo kwa zaidi ya mita 10. Kwa umbali wa Arusha tu usihangaike sana, mradi pointi zote mbili zitumie kimo cha aina moja.

Umbali ni √(ΔX² + ΔY² + ΔZ²), ambapo Δ ni tofauti kati ya pointi mbili. Ila kama pointi ya mnara umeitoa kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000, hiyo ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani za Afrika Mashariki. Ibadilishe kwanza kuwa WGS84, la sivyo mnara utahama mita 300 hivi.