Kwa unayeanza kuchora makazi ya wastaafu Moshi na Arusha

Ukipewa kazi ya makazi ya wastaafu, habari ya paneli za sola iache kwanza. Mteja ataitaja tu, maana inapendeza kwenye picha. Anza na jua lenyewe. Huku tuko kama nyuzi 3 kusini mwa Ikweta: saa sita mchana mwezi Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, na mara zote liko juu, hivyo upenu wa sentimita 90 unakinga dirisha la kawaida. La asubuhi na la jioni ndilo linalopenya chini ya upenu. Basi ilaze nyumba mashariki–magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini.

Ila ramani ya Moshi usiihamishie Arusha kama ilivyo. Moshi mjini ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, Arusha kama 1,400. Mwezi wa saba mzee wa Arusha anatafuta jua, hakimbii. Mpe baraza upande wa mashariki akaote.

Maji ndiyo yatakayokutoa jasho. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 64,000. Usishangilie mapema: nyingi huja Machi hadi Mei, kwa hiyo tanki pima kwa kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kandokando ya Mlima Meru fanya hivyo hata kama kisima kipo. Visima vingi vya huko vina floraidi inayoharibu meno na mifupa, na kuichemsha hakuitoi. Maji ya paa yawe ya kunywa na kupikia.

Bustani ya nyasi ikatae. Inakunywa maji, na mzee aliyekulia kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, hana kazi nayo. Panda migomba, uielekezee maji ya bafuni. Matuta ya mboga yainue yafike kiunoni, apalilie bila kuinama.

Kuna mahali mazingira na mzee hugombana. Njia ya changarawe hunywesha ardhi mvua vizuri, lakini kiti cha magurudumu kinazama na mkongojo unateleza. Hapo mzee ashinde: weka peva (matofali ya kutandika chini) zinazopitisha maji. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8, si ule ubao ambao fundi huusimika siku ya kukabidhi.

Kiwanja cha bei poa huwa mbali, na nyumba hata iwe nzuri kiasi gani haitafidia mafuta ya gari kila siku ya kliniki. Kabla mteja hajalipa, panda naye daladala kutoka hapo hadi hospitali ya KCMC kwa Moshi, au ya Mount Meru kwa Arusha, tena asubuhi watu wakiwa wengi.