Maswali na Majibu: Herufi moja kati ya "ana" na "hana"

Muuzaji anasema programu yake, inayosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa kisha kuyaandikia maelezo ya mgonjwa, ina usahihi wa asilimia 95. Tuinunue?

Asilimia 95 ya nini? Hilo ndilo la kumuuliza kwanza. Kipimo cha ROUGE, kilichoanza mwaka 2004 kwa kazi ya muhtasari, huhesabu tu maneno yanayolingana kati ya maandishi ya programu na yale yaliyoandikwa na mtu. Sasa linganisha "mgonjwa hana mzio wa penisilini" na "mgonjwa ana mzio wa penisilini". Maneno manne kati ya matano yanalingana, alama ni nzuri, na mgonjwa yuko hatarini. Makosa yapimwe kwa madhara yake.

Ni kweli programu hizi huzua mambo?

Kweli. Utafiti wa mwaka 2024 kuhusu Whisper, programu ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vimeongezewa maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Waliotatizika kuongea, kwa mfano kutokana na kiharusi, waliathirika zaidi, huenda kwa kuwa husitasita na programu hujaza ule ukimya. Kwa hiyo msiijaribu programu mnayotaka kununua kwa sauti za madaktari wawili wanaoigiza ofisini! Tafuteni wazee, wenye kigugumizi, mama mwenye mtoto anayelia.

Kuzua na kuacha, kipi kibaya zaidi?

Mimi naogopa kuacha. Lililozuliwa liko mbele ya macho yako, unaweza kulishtukia. Lililoachwa halionekani, na maelezo yaliyoandikwa kwa ufasaha hukufanya usilitafute. Mgonjwa ametaja maumivu ya kifua akiwa tayari mlangoni, yakapotea. Dawa yake ni moja: anayeipima programu asikilize kwanza rekodi ya mazungumzo, aorodheshe yote ambayo lazima yaandikwe, kisha ndipo afungue maelezo ya programu. Akianza na maelezo, yatamwongoza.

Madaktari wetu hawasahihishi karibu chochote kwenye maelezo ya programu. Si dalili njema?

Huenda. Au hawasomi. Wakati wa majaribio, chomekeni makosa machache mnayoyajua kwenye maelezo ya mazoezi (kamwe si kwenye faili la mgonjwa halisi), muone mangapi yatanaswa.

Mgonjwa aombwe ruhusa?

Ndiyo, kabla ya kurekodi. Akikataa, daktari achukue kalamu.

Programu ikisasishwa, tupime upya?

Tena kwa rekodi zile zile za mwanzo, ndiyo maana msizifute kabla ya muda wa ruhusa mliyopewa kuisha.