Maswali na Majibu: Dawa ya Meno Ni ya Meno

Wiki hii simu yangu imejaa ajali za jikoni na za pwani. Nimechagua tano. Wale mnaouliza habari za vidonda vya miezi na miezi visivyopona, msiningoje mimi. Nendeni kituo cha afya, mkapimwe na sukari.

Shikamoo bibi. Mwanangu wa miaka minne alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Jirani akaleta dawa ya meno, tukampaka, akatulia. Mume wangu ananilaumu mpaka leo. Nani ana haki? (Mama, Makorora)

Marahaba mwanangu. Mumeo, ingawa najua hukutaka kusikia hivyo. Mtoto alitulia kwa sababu dawa ya meno ina ule ubaridi wa mnanaa. Ngozi inadanganyika, lakini joto bado limo ndani linaendelea kuunguza. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na kazi niliyoichukia kuliko zote ni kubandua dawa ya meno iliyokauka juu ya kidonda cha mtoto. Unalowesha, unafuta kidogo kidogo, yeye analia, mama yake analia, na wewe hujui hata ameungua kiasi gani mpaka uimalize yote.

Dawa ya kwanza ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 za kutazama saa. Maji yakikatika, na siku hizo tunazijua, mimina ya ndoo kwa kata, polepole. Hata ukichelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Bangili na nguo mvue kabla mkono haujavimba, ila nguo iliyogandia ngozi usiivute. Barafu usiweke, nayo inaumiza ngozi. Yai na mafuta ya nazi viache jikoni. Mafuta yanafungia joto ndani. Ukishapoza, funika kwa kitambaa safi, na malengelenge usiyapasue. Kama pameungua pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni usoni, kiganjani au sehemu za siri, mpoze kwanza kisha mpeleke hospitali ya Bombo.

Shikamoo bibi. Nilikuwa natafuta pweza maji yamekupwa, nikamkanyaga samaki taa. Akanichoma kifundoni, nikalia kama mtoto. Mzee mmoja akasema maji ya moto, mwenzake akasema nikojolee. (Kijana, Sahare)

Marahaba. Mzee wa maji ya moto mnunulie kahawa na kashata. Sumu ya taa inaharibiwa na joto, kama ute wa yai unavyogeuka ukiiva. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili, kama nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 mpaka 90, ukiyaongeza moto yanapopoa. Yajaribu kwanza kwa mguu usiochomwa au kwa mkono wa mwenzako, maana mguu uliochomwa hauna akili tena. Unaweza kujibabua usijue. Mkojo hauna joto la kutosha, na kidonda hakihitaji choo.

Mwiba wa taa una meno kama msumeno, na vipande hubaki ndani, kwa hiyo kidonda kioshwe na kitazamwe hospitali, na uulize sindano ya pepopunda. Mwiba ukiwa umekwama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Kimbia nao hivyo hivyo. Safari nyingine usinyanyue miguu, iburute mchangani. Taa akisikia mtikisiko anajiondokea mwenyewe. Yeye hakutaka ugomvi, wewe ndiye uliyempanda mgongoni.

Bibi shikamoo, nakata mkonge Muheza. Utomvu unaniwasha mikono mpaka nashindwa kulala. Wenzangu wanapaka mafuta ya taa.

Marahaba, na pole kwa kazi. Yule Mjerumani Richard Hindorf alipotuletea mkonge mwaka 1893 hakutuambia habari za kuwashwa. Ndani ya utomvu mna chembe ndogo sana zenye ncha kama sindano, na ukijikuna unazisukuma ndani zaidi. Osha kwa maji mengi na sabuni mara tu utokapo shambani, vaa mikono mirefu na glavu. Mafuta ya taa yanakausha ngozi na kuichubua, halafu kesho unawashwa maradufu. Ncha ya jani ikikuchoma jichoni, usisugue wala usibonyeze. Funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho, uende hospitali saa ile ile.

Mbuzi ilinitafuna kidole nikikuna nazi. Mama mkwe akanijazia kahawa ya unga, na damu ikakata. Kumbe ni dawa? (Bi harusi mpya, Ngamiani)

Damu ilikatika kwa sababu alikibana kidole, mwanangu, si kwa kahawa. Lakini usimwambie nimesema mimi.

Lile jino la mbuzi linachana, halikati, na machicha yanabaki ndani ya mchano. Bana kwa kitambaa safi dakika 10, mkono juu, bila kuchungulia. Kila ukichungulia unaanza upya. Ikishakata, osha kwa maji safi yanayotiririka, toa machicha, funga. Kahawa, majivu na utando wa buibui vinaingiza uchafu na kumficha daktari asione kina cha kidonda. Asali safi juu ya mchubuko mdogo sina ugomvi nayo. Ila kidole kikifa ganzi au kisipokunjika, si cha kufunga nyumbani.

Nimekata pilipili mbuzi za achari, sasa viganja vinawaka tangu mchana. Nimenawa mara kumi! (Chumbageni)

Umenawa maji matupu, na ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Sugua mikono kwa mafuta ya kupikia kwanza, uyafute, kisha nawa kwa sabuni ya vyombo. Rudia mara mbili. Macho usiyaguse, na mtoto kama unaye, leo abebwe na baba yake.