Mlengwa wa TASAF anapohamishwa kutoka malipo ya fedha taslimu mkononi kwenda kwenye simu

Ndugu yangu wa Micheweni, Pemba, umeuliza iwapo mama yako, ambaye ni mlengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, unaozipa kaya maskini ruzuku), akubali ruzuku yake ihamishiwe kwenye simu, na iwapo inafaa kuandikisha laini yako kwa kuwa yeye hana. Akubali, lakini laini iwe yake. Nimewasaidia wazee na akina mama wa shehia yetu (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) huku Wete walipokuwa wakihama, na ninayokueleza ndiyo niliyoyaona.

Kinachowakwamisha wengi ni jina. Kaya zilipoandikishwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, majina mengi yaliandikwa kama yalivyosikika, kwa hiyo utamkuta Fatuma daftarini na Fatma kwenye kitambulisho, au jina la babu limeachwa kabisa. Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019 na hubeba jina la kitambulisho. Majina hayo mawili yasipolingana, malipo hukwama. Nendeni kwa sheha na kamati ya jamii inayosimamia mpango huo mkiwa na kitambulisho, muombe jina lisahihishwe mapema, kwa sababu ruzuku hutolewa kila baada ya miezi miwili na kukosa awamu moja kwa kaya isiyo na akiba ni jambo zito mno.

Vidole navyo vina taabu yake. Wanawake waliovunja kokoto au kulima mwani kwa miaka mingi alama zao zimefutika, na mashine huwakataa. Waoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, waikaushe vizuri, kisha wajaribu kidole kimoja baada ya kingine bila kuharakishwa. Msikubali kamwe msajili atumie kidole cha mtu mwingine, kwani laini hiyo kisheria itakuwa ya mwenye kidole.

Kuhusu laini yako, sikutilii shaka hata kidogo. Lakini vijana huhamia Unguja au Dar es Salaam, hupoteza simu, na baadhi yao wana deni la mikopo ya simu linalokatwa mara tu fedha zinapoingia. Fedha hizi ni za mama, na inampasa azione mwenyewe.

Namba ya siri aichague yeye na aibonyeze yeye. Asiyejua kusoma hukariri mahali vitufe vilipo, na nimeona wazee wakimudu baada ya kufanya mazoezi kwa fedha kidogo. Bibi mmoja wa kwetu alimtajia wakala wa fedha za simu namba hiyo, akapewa pungufu, na hakuwa na ushahidi wowote wa kudai kilichobaki. Inaniuma hadi leo.

Kama mama ametimiza miaka 70 na anapokea Pensheni Jamii, yaani malipo ya wazee ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), iliyoanza Aprili 2016, fahamu kwamba hilo ni daftari jingine. Kusahihisha jina upande mmoja hakusahihishi upande wa pili.

Malipo ya kwanza yakiingia, msifute ujumbe wa simu. Kiasi kikiwa pungufu, iulizeni kwanza kamati kama kuna makato yanayotokana na mahudhurio ya skuli au kliniki ya watoto wa kaya hiyo, kabla ya kumlaumu wakala.