Vigae vya vikombe

SWALI: Natafsiri maelezo ya maonyesho ya vyombo vya Wagiriki wa kale. Niliandika "vipande vya vikombe vya kauri vilivyopakwa rangi". Mhariri amefuta "vipande" akaweka "vigae". Mimi nikisikia vigae naona sakafu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri. Kigae ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika, na kikiwa kikubwa huitwa gae. Vya sakafuni na vya paani visikutishe. Ukisema "vigae vya vikombe" hakuna atakayefikiria nyumba. Kipande huwa cha mkate, cha kitambaa, cha chochote. Tena Waathene wa karne ya 5 KK walipiga kura kwa vigae hasa: walikwangua juu yake jina la mtu waliyetaka ahamishwe mji kwa miaka 10. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa Akropoli, kilima cha ngome cha Athene, vilipatikana 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistocles, vingi vikiwa vitako vya vikombe vya divai, na mwandiko ni wa watu 14 tu!

Kauri nayo iondoe. Hiyo ni ya vyombo vya Kichina. Hivi ni vya udongo.

"Vilivyopakwa rangi" ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inaficha ufundi wenyewe. Ule weusi unaouona kwenye vyombo hivi ni udongo uliochujwa hadi ukawa laini sana, ukapakwa juu ya chombo. Ndani ya tanuri, fundi aliziba hewa mpaka chombo kizima kikawa cheusi, kisha akaifungulia. Wekundu wa udongo ukarudi, isipokuwa palipopakwa: hapo udongo ulikuwa umeshajifunga kama kioo.

Je, "vilivyochorwa"? Karibu, ila vigae, vikombe na vilivyochorwa vyote ni vi-, na msomaji aweza kudhani vigae vilichorwa baada ya kuvunjika. Andika: "Vigae vya vikombe vya udongo vyenye michoro". Michoro imo katika vigae na ilikuwamo katika vikombe, kwa hiyo sentensi ni ya kweli kotekote.

Ukikuta kwenye chombo sahihi ya mchoraji, kama "Euphronios egrapsen", usitafsiri "aliandika". Kigiriki kilitumia kitenzi kimoja kwa kuandika na kuchora. Sisi tunavyo viwili, na hapa ni "alichora". Pakiwa na "epoiesen", weka "alitengeneza" badala ya "alifinyanga", maana wataalamu bado wanabishana kama ni mfinyanzi au mwenye karakana.