Taa ya lango inayofuta nyota

Swali: Nimefunga projekta (taa kali ya nje) ya LED ya wati 100 ukutani kwangu hapa Himbi, Goma, kwa sababu ya wezi. Tangu siku hiyo watoto hawakioni tena Kilimia, lile kundi la nyota, na jirani analalamika mwanga unamwingilia chumbani. Niizime?

Jibu: Hapana Mama, usiizime. Ishushe uso kwanza. Legeza skrubu mbili za kishikizo, uigeuze mpaka kioo kitazame chini kabisa, sambamba na ardhi. Mtu akisimama dirishani kwa jirani asiione LED yenyewe. Kama bado inaonekana, kata kipande cha bati ukikunje kama ukingo wa kofia, lakini mgongo wa taa uache wazi, maana LED huuawa na joto.

Najua unaogopa kupunguza mwanga. Leo usiku, kabla hujaigusa, simama uwanjani ukitazama lango, halafu inua kiganja uizibe taa isikupige machoni. Nilipofanya hivyo kwangu, niliona chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, imeegemezwa kando ya lango. Ilikuwapo muda wote! Taa kali hufanya mboni ya jicho ijibane, na vivuli vyote huwa vyeusi zaidi. Mwizi hujificha humo humo.

Siku ukinunua nyingine, soma kwenye boksi namba yenye herufi K. 6500K ni mwanga mweupe unaoelekea bluu. Chagua 2700K, isizidi 3000K. Hewa hutawanya bluu kuliko rangi nyingine, ndiyo maana anga la mchana ni la bluu. Bluu ya LED, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, hutawanyika karibu mara 3 kuliko mwanga wa chungwa wa nanomita 600, na ndiyo inayotanda juu ya mji na kuzifunika nyota. Umeshaona volkano yetu ya Nyiragongo ikiwaka jinsi mawingu yanavyokuwa mekundu. Taa zetu zinafanya vivyo hivyo, kila mtaa, kila usiku.

Kwa lango, wati 10 hadi 20 zenye sensa ya mwendo zinatosha.

Kilimia watakiona. Mapema Desemba, saa 1 jioni, kinakuwa kaskazini-mashariki, nyota ndogo zilizosongamana. Wape macho yao dakika 20 gizani, simu zikiwa zimezimwa.