Sikukuu Ugenini: Pilau, Watoto na Jiko Usilolizoea

Mwezi huu tumechagua barua tatu za wasomaji wetu wa Mwanza wanaosafiri na watoto na hawataki sikukuu iwapite hivi hivi.

SWALI: Habari za kazi. Mume wangu anasoma London, na Desemba hii namfuata na watoto wetu watatu, wa miaka 9, 6 na 2. Anakaa kwenye nyumba ndogo ya ghorofani yenye jiko la umeme. Siku ya Krismasi tutakuwa wanane mezani, wakubwa wanne na wadogo wanne. Watoto wameshasema bila pilau hiyo si Krismasi. Nibebe nini, ninunue nini kule, na nipalie vipi bila mkaa?
*Mama wa watatu, Kirumba*

JIBU: Mama, watoto wameshakupunguzia kazi. Wamechagua pilau, basi pika pilau na kachumbari, na mengine yaache. Ukitaka kuweka mezani pilau, sato, ndizi na maharage ya nazi kwa jiko dogo la ugenini, chakula kitaiva watoto wamelala. Miili yao bado itafuata saa za Mwanza: saa 11 jioni ya London ni saa 2 usiku nyumbani, na Desemba jua la kule huzama kabla ya saa 10 jioni. Panga kula saa 6 mchana. Hapo Mwanza ni saa 9 alasiri, bibi na babu bado wako macho kwa simu ya video.

Usibebe nyama wala kitu chochote cha maziwa, samli ikiwemo. Abiria anayetoka kwetu haruhusiwi kuviingiza Uingereza, na vitachukuliwa uwanjani. Mchele nao usiubebe, basmati imejaa madukani kule. Beba viungo vikavu, vizima, kwenye pakiti zilizofungwa kiwandani: bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Viungo vizima havipotezi harufu njiani kama vya unga. Rice cooker ya nyumbani itafanya kazi bila adapta, kwa sababu plagi yao ya pini tatu bapa ndiyo yetu na umeme ni volti 230. (Anayekwenda Marekani aiache: kule ni volti 120, na jiko la volti 230 litatoa kama robo tu ya moto wake.)

Kabla hujafunga mizigo, muulize mumeo jiko lake ni la aina gani. Kuna la sahani nyeusi za chuma, kuna la kioo linalowaka wekundu kwa chini, na kuna la kioo linalotumia sumaku. Hilo la mwisho halipashi sufuria ya alumini kabisa, hata ukisubiri saa nzima. Achukue sumaku ndogo, ile ya kubandika karatasi kwenye friji, aishikize chini ya sufuria. Ikinata vizuri, sufuria itafaa. Isiponata, sufuria za alumini ulizotaka kubeba ziache Kirumba.

Sasa vipimo. Mtu mzima mhesabie gramu 100 za mchele mkavu, mtoto gramu 60. Kwa wanane wenu gramu 750 zinatosha na kubaki kidogo, nazo ni kama vikombe 4 vya mililita 250. Nyama ya ng'ombe kilo 1, vitunguu maji vikubwa 3, viazi 4, mafuta mililita 100, kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa vijiko 2 vya mezani. Viungo: bizari nzima vijiko 2 vya chai, iliki 8, karafuu 6, pilipili manga 10, mdalasini vipande 2. Sufuria iwe ya lita 5, yenye mikono ya chuma, maana itaingia kwenye oveni.

Chemsha nyama jioni ya tarehe 24, pamoja na chumvi na nusu ya tangawizi na saumu, hadi ilainike. Anza kuiangalia mapema kuliko ulivyozoea. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 96. London yanachemka kwenye 100, kwa hiyo nyama inawahi. Ikipoa weka kwenye friji pamoja na supu yake.

Asubuhi osha basmati mpaka maji yatoke safi, loweka dakika 30, chuja. Kaanga vitunguu kwa moto wa kati, dakika 15 hadi 20, mpaka viwe kahawia ya kuiva. Usiviharakishe: nyumba zile zina king'ora cha moshi darini, na mafuta yakifuka kitalia na kuwatoa watoto mbio. Fungua dirisha, washa feni ya jikoni, na kamwe usikizibe king'ora kwa mfuko. Tia saumu, tangawizi na viungo, geuza dakika moja, kisha nyama na viazi. Mimina supu, ongeza maji hadi jumla iwe vikombe 6, onja chumvi. Ikichemka tia mchele. Kwa basmati iliyolowekwa ni kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na nusu cha maji. Ukitumia viwili kwa kimoja kama unavyofanya kwa mchele wa Magu, utapata bokoboko.

Maji yakikaribia kukauka, funika sufuria kwa foili, kandamiza mfuniko juu yake, ingiza kwenye oveni uliyokwisha kuiwasha kwa nyuzi 150. Dakika 20. Huko ndiko kupalia kwenyewe, moto unatoka juu na chini kama wa makaa. Ukimalizia juu ya jiko la sahani za chuma, kumbuka sahani inabaki na moto muda mrefu baada ya kuzimwa, na hapo ndipo pilau nyingi huungulia chini. Izime na uihamishe sufuria.

Huyo wa miaka 2 asiingie jikoni siku hiyo. Kioo cha jiko kikizimwa kinarudi kuwa cheusi na kionekane baridi kumbe kinaunguza. Majiko mengi huonyesha herufi H ndogo mpaka kipoe.

Nunua kila kitu kufikia tarehe 23. Tarehe 25 maduka makubwa ya England hufungwa kwa sheria, na London treni na mabasi hayatembei. Wageni wenu wasio na gari na wasiokaa jirani waje kulala tarehe 24.

Na mkihitaji ugali siku nyingine, tafuteni unga mweupe wa mahindi kwenye maduka ya Waafrika. Ule wa pakiti ndogo, laini kama poda ya mtoto, ni wanga wa kuongezea uzito kwenye mchuzi. Hausongeki.

SWALI: Shikamooni. Tunakwenda Kampala kwa wakwe zangu kula Krismasi, kwa basi kupitia Bukoba na Mutukula, watoto wawili wa miaka 7 na 3. Nataka kuwapelekea sato wabichi wa Mwaloni. Niwafungashe vipi wasiharibike?
*Baba wa wawili, Buzuruga*

JIBU: Marahaba. Ushauri wetu ni usiwabebe. Samaki mbichi anahitaji barafu kilo kwa kilo tangu anapotolewa utumbo, kwenye boksi lenye mfuniko na tundu la kutolea maji. Boksi hilo likikaa kwenye buti la basi lenye joto barafu inayeyuka, samaki wanaogelea kwenye maji ya uvuguvugu, na wanaharibika bila hata kubadilika rangi sana. Afisa naye ana haki ya kukuuliza kibali. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini safari bado ni ndefu.

Sato wa ziwa hilihili wanashushwa Ggaba, pembeni mwa Kampala, wanaitwa ngege. Nenda na mkwe wako asubuhi, chagua mwenye macho yaliyotuna na mashavu mekundu kwa ndani, uwakaangie mwenyewe. Zawadi ni ileile na hakuna atakayeumwa tumbo.

Kutoka nyumbani wapelekee michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi) na dagaa. Michembe ioshwe vizuri, ichemshwe maji yakiizidi vidole viwili, dakika 30 hadi 40, kisha itiwe karanga za kusaga. Dagaa wachambue, waoshe, wakaushe, uwakaange pasipo mafuta, halafu uwaache wapoe kabisa kabla ya kufunga kopo. Wakifungwa na uvuguvugu, mvuke unabaki ndani na wanaota ukungu. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa) mpe wa miaka 7 atafune njiani. Wa miaka 3 usimpe makavu, ni magumu na yanaweza kumkaba.

Pasi au hati ya dharura ya safari iwe ya kila mtoto, pamoja na kadi ya homa ya manjano.

SWALI: Asalaam aleikum. Nachukua mzigo Guangzhou na safari hii naenda na familia, Idi itatukuta kule. Mtoto wa pili, miaka 5, akila karanga anavimba na kukosa pumzi. Hotelini hakuna jiko. Tule wapi?
*Mfanyabiashara, Makoroboi*

JIBU: Waaleikum salaam. Kaka, badilisha malazi kabla ya yote. Kusini mwa China mafuta ya karanga ni ya kupikia kila siku, chakula kinaweza kisionyeshe hata punje moja na bado kikamdhuru. Chukua chumba chenye jiko, ununue mafuta ya alizeti au mahindi ambayo chupa yake haijafunguliwa. Mkila nje, alama ya 清真 mlangoni inakuhakikishia halali tu, haikwambii lolote kuhusu mafuta. Beba kadi iliyoandikwa Kichina kwamba mtoto hali karanga wala mafuta yake, 花生 na 花生油, mpe mpishi aisome. Wali mweupe wa mvuke, mayai ya kuchemsha na matunda ya kumenya wenyewe ndiyo salama zaidi.

Mwone daktari kabla ya kuondoka akuandikie sindano ya adrenalini, ya kumchoma mtoto akianza kuvimba na kukosa pumzi, na barua yake. Ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Namba ya gari la wagonjwa kule ni 120.

Siku ya Idi ulizeni Msikiti wa Huaisheng, maana huenda isilingane na ya nyumbani. China iko mbele yetu kwa saa 5. WhatsApp imefungwa huko, hivyo panga mapema na wazee mtapigiana kwa njia gani.

Chakula cha Idi kwa jiko moja ni tambi za sukari. Beba gramu 200 kutoka nyumbani, zisiwe na onyo la karanga kwenye pakiti. Zivunje, zikaange kwa vijiko 3 vya mafuta mpaka ziwe kahawia, ukigeuza muda wote kwa sababu zinaungua ghafla. Tia maji ya moto mililita 400, sukari gramu 80 na iliki 4 zilizopondwa. Funika kwa moto mdogo dakika 10. Ukitia maji ya baridi zinashikana.